Chaja ya gari la umeme nyumbani: anza na ukuta, mashine baadaye



Mwezi uliopita nilipanda bara kuwaona jamaa, nikaanzia Bungoma kwa mtoto wa ami yangu. Yeye ni mfanyabiashara wa vipuri, na mwaka huu alinunua Nissan Leaf ya mtumba kutoka yadi moja hapa Mombasa. Jioni moja mvua ilikuwa imekatika tu, gari limechomekwa linachaji uani, na bintiye wa miaka sita akarudi madrasa, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Akaushika mlango wa gari, akaruka nyuma, akasema, "Baba, gari limeniuma."

Tulikimbia kuzima swichi kuu. Mtoto hakuumia, alhamdulillahi. Tulipoifungua ile soketi tuliona kipande kifupi cha waya kimeunganisha nyutro na athi. Kumbe siku ya kwanza kisanduku cha chaja kiliwasha taa nyekundu na kukataa kuchaji, kwa sababu nyumba haikuwa na athi ya kuaminika. Fundi akaambiwa taa nyekundu iondoke, naye akaiondoa. Taa ikawa kijani, kila mtu akafurahi, na bodi la gari likawa limefungwa kwenye waya unaoweza kupata stima wakati wowote nyutro ya mlingotini ikilegea.

Kutoka Bungoma nikaenda Kitale kwa shemeji yangu, mwenye duka la pembejeo. Yeye naye anataka chaja, na alikuwa amepigiwa hesabu ya mashine ya kilowati 22. Nyumba mbili, magari yanayofanana, na wote wawili walianza na swali lile lile: ninunue chaja gani? Nimeandika makala haya kwa sababu swali hilo ni la pili. La kwanza ni hili: ukuta utakaoibeba chaja hiyo uko vipi? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa wenyewe uko ndani ya soketi.

Chaja yenyewe imo ndani ya gari

Betri ya gari hupokea stima ya mkondo mmoja, ile ya DC. Stima ya Kenya Power inayofika nyumbani ni ya AC, volti 240. Kazi ya kuigeuza hufanywa na kifaa kilichomo ndani ya gari lenyewe. Kile kisanduku cha ukutani tunachokiita chaja, kwa kweli ni swichi yenye akili: hukagua athi, huliambia gari lichukue ampea ngapi, na hukata stima mambo yakienda vibaya.

Kwa hiyo gari halitachaji kwa kasi kuliko kifaa chake cha ndani kinavyoruhusu. Leaf nyingi zinazotoka Japani hupokea kilowati 3 tu, na baadhi hupokea 6. Ukizifunga kwenye chaja ya kilowati 22, ya kilowati 3 itaendelea kuchukua 3. Isitoshe, chaja ya kilowati 22 inahitaji stima ya fezi tatu, na nyumba nyingi zetu zina fezi moja. Shemeji yangu wa Kitale alikuwa karibu kulipia mashine ambayo nyumba yake haiwezi kuiwasha na gari lake haliwezi kuitumia.

Kabla ya kuingia dukani, fungua kitabu cha gari au muulize muuzaji: gari hili linapokea kilowati ngapi za AC? Iandike namba hiyo. Chochote unachokilipia zaidi ya hapo ni pesa umeitupa, isipokuwa una mpango wa kubadilisha gari karibuni.

Piga hesabu ya kilomita zako

Watu wengi huchagua chaja kwa ukubwa wa betri, kana kwamba kila usiku gari hulala likiwa tupu. Hesabu iliyo bora ni ya kilomita unazotembea kwa siku.

Gari dogo kama Leaf hutumia yuniti 16 hivi kwa kilomita 100. Kuna pia stima inayopotea njiani wakati wa kuchaji, kwa hiyo ongeza kama sehemu moja ya kumi. Sasa tuwatazame hawa wawili.

Ndugu yangu wa Bungoma hutembea kilomita 30 kwa siku: dukani, sokoni, shuleni kwa watoto. Hizo ni kama yuniti 5 na nusu kila usiku. Akichaji kwa ampea 8 tu, ambazo ni takriban kilowati 2, gari litakuwa tayari kwa saa tatu. Ana usiku mzima. Hahitaji mashine kubwa hata kidogo.

Shemeji wa Kitale hutembea kilomita 50 kwa siku, yaani kama yuniti 9. Kwa ampea 16, takriban kilowati 3.8, anamaliza kwa saa mbili na nusu. Lakini mara moja kwa wiki huteremka Bungoma kupitia Webuye, kilomita themanini na kitu, na kurudi siku hiyo hiyo. Safari hiyo hula yuniti 27 hivi za betri. Kisha kuna mlima: Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, Bungoma karibu mita 1,400. Kulipandisha gari la tani moja na nusu mita 500 hutaka yuniti 2 hadi 3 zaidi. Wakati wa kuteremka gari hurudisha kiasi fulani kwenye betri, lakini si zote. Ukitoka Bungoma na betri iliyobaki kidogo, usiipigie hesabu ya barabara tambarare ya Mombasa na Malindi.

Usiku wa safari hiyo shemeji anahitaji kama yuniti 34 kutoka ukutani. Kwa ampea 10 angechukua saa 14, na asubuhi ingemkuta njiani. Kwa ampea 16 ni saa tisa: akichomeka saa tatu usiku, saa kumi na mbili asubuhi amemaliza. Stima ikipotea saa mbili usiku huo, hamalizi. Yeye ana sababu ya kutaka chaja inayofika ampea 32, kwa sababu gari lake linapokea kilowati 6. Ndugu wa Bungoma hana sababu hiyo.

Njia tatu za kuchaji nyumbani

Ya kwanza ni kebo ya kubebeka yenye kisanduku katikati, inayochomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13. Ni rahisi na unaweza kusafiri nayo. Shida yake ni soketi. Soketi ile ilitengenezwa kwa birika na pasi, vitu vinavyotumika dakika chache na kupumzika. Gari huvuta bila kupumzika kwa saa nane. Soketi ikiwa imelegea au ya bei ya chini, itapata moto, plastiki itabadilika rangi, na mwisho itayeyuka wakati nyinyi mmelala. Ukitumia njia hii, usipite ampea 10. Usitumie ekstenshoni, na hata kidogo usitumie ile iliyozungushwa kwenye gurudumu lake. Baada ya saa moja, shika plagi: ikiwa ni ya vuguvugu, sawa, ikiwa huwezi kuishikilia, zima, soketi hiyo haifai.

Hapa kuna mtego wa magari ya Japani. Kebo nyingi zinazokuja na Leaf za mtumba zimeandikwa volti 200, ampea 15, na plagi yake haiingii kwenye soketi zetu. Mafundi huikata na kufunga plagi ya ampea 13. Ampea 15 kupitia plagi ya 13, usiku kucha: hiyo ni hesabu ya moto. Tena soma kibandiko chake. Kama hakifiki volti 240, kebo hiyo si ya kutumika huku kwetu.

Ya pili ni kebo hiyo hiyo ya kubebeka, lakini kwenye soketi ya buluu ya viwandani, ile ya duara yenye kifuniko, ambayo utaiona kwenye karakana na kwenye mashine za kuchomelea. Ziko za ampea 16 na za 32. Zimetengenezwa kubeba mzigo mzito kwa muda mrefu, na plagi yake haichomoki ovyo. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia inayozifaa nyumba nyingi: bei nafuu kuliko kisanduku cha ukutani, salama kuliko soketi ya kawaida, na ukihama unaondoka na kebo yako.

Ya tatu ni kisanduku cha kudumu cha ukutani, cha ampea 16 au 32. Kinachoandikwa kilowati 7 au 7.4 ndicho kikubwa zaidi kwa nyumba ya fezi moja. Kinakufaa kama nyumba ni yako, unatembea kilomita nyingi, na gari linaweza kukipokea.

Katika zote tatu, tafuta chaja ambayo ampea zake zinaweza kupunguzwa: 6, 8, 10, 13, 16. Magari mengi hukubali kushuka hadi ampea 6, karibu kilowati 1.4. Sifa hii itakufaa siku ambayo volti ziko chini, siku unayotumia sola mchana, au siku ya wageni nyumba ikiwa imejaa. Kuhusu intaneti na programu za simu, si lazima. Magari mengi yana saa yake ya kupanga muda wa kuchaji. Chaja isiyofanya kazi bila intaneti usiinunue: kampuni ikifunga milango, umebaki na pambo la ukuta.

Angalia mdomo wa gari

Plagi za upande wa gari si za aina moja. Leaf za Japani zina Aina ya 1 kwa kuchaji nyumbani, na CHAdeMO kwa kuchaji kwa kasi. Magari mapya yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya na nchi nyingine nyingi huja na Aina ya 2. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Uchina huja na GB/T, na haya yanaweza kukufikia kwa mlango wa nyuma bila muuzaji kukueleza. Kwenye kifaa utaona maandishi Type 1, Type 2 au GB/T. Linganisha kwa macho yako, au piga picha mdomo wa gari uende nayo dukani. Adapta zipo, lakini kila kiungo cha ziada ni mahali pengine pa kupata moto.

Kama unafikiri kubadilisha gari baadaye, nunua kisanduku chenye tundu la Aina ya 2 na kebo ya kuchomoa. Kuna kebo zenye Aina ya 2 upande wa ukuta na Aina ya 1 upande wa gari. Gari likibadilika, unabadilisha kebo peke yake.

Ukuta: waya, swichi na athi

Hapa ndipo pesa ya kwanza inatakiwa kwenda.

Waya. Chaja ipate waya wake peke yake kutoka bodi ya swichi, usiochangiwa na friji wala taa. Soketi za kawaida hufungwa waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba. Kwa ampea 16 mbali kidogo na bodi, tumia wa 4; kwa ampea 32, wa 6, na kama gari linalala mbali, wa 10. Ukinunua chaja ya ampea 16 leo lakini unatarajia 32 kesho, lala waya wa 6 sasa hivi. Kuchimba ukuta mara mbili ni ghali kuliko tofauti ya bei ya waya. Hakikisha ni shaba, si alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Kwaruza ncha yake kwa kisu uone ndani.

Mzigo wa nyumba. Angalia namba iliyoandikwa kwenye swichi kuu. Nyingi ni 60 au 63. Watu wa Kitale wanapenda shawa ya stima kwa sababu ya baridi, na shawa moja huvuta ampea 23 au zaidi. Ongeza gari la ampea 32, birika na pasi, na swichi kuu imejaa. Shawa huoga dakika kumi, gari hula saa nyingi. Panga gari lianze baada ya watu wote kuoga, au lipunguze ampea.

Swichi ya kukata stima ikivuja. Hii ndiyo inayookoa uhai, na mafundi huiita RCD. Iwe ya miliampea 30. Ile ya kawaida kabisa, iliyoandikwa AC, haitoshi kwa gari, kwa sababu gari linaweza kuvujisha mkondo wa DC unaoipumbaza isikate. Unataka aina A pamoja na chaja yenye kinga ya ndani ya DC ya miliampea 6, au aina B. Kwa ndugu yangu wa Bungoma hapakuwa na RCD yoyote. Ingekuwepo, huenda ule waya wa ujanja ungeifanya ikate mzigo ulipowashwa, na fundi angelazimika kufikiri upya.

Athi. Ni nondo ya shaba au ya chuma kilichopakwa shaba, iliyopigwa chini ardhini na kuunganishwa na bodi. Nyumba nyingi za zamani zina nondo iliyooza, au waya uliokatwa na mtu akilima. Fundi aipime kwa kipimo mbele yako na akuandikie namba ya omu. Namba ikiwa kubwa, zinaongezwa nondo. Taa nyekundu ya chaja inapokwambia hakuna athi, inakutendea wema. Fundi yeyote anayetaka kuunganisha nyutro na athi ndani ya soketi ili taa izimike, mpe chai yake na umwambie aende salama.

Wenye leseni ya kazi hii hutambuliwa na EPRA, mamlaka ya kawi na petroli. Omba namba ya leseni ya fundi na uihakikishe kwao kabla ya kazi. Fundi mzuri hatakasirika kuulizwa.

Radi na stima inayopotea

Magharibi ya Kenya hupigwa na radi sana, na kuanzia Bungoma hadi Kitale hilo halihitaji kuelezwa. Mvua ya alasiri inakuja na ngurumo, na nyaya za stima zinazopita juu mashambani hubeba pigo la radi hadi ndani ya nyumba. Bodi ya swichi ifungwe kinga ya mapigo, inayoitwa SPD, aina ya 2 kwa nyumba ya kawaida, na aina ya 1 na 2 pamoja kama paa lina fimbo ya radi. Kinga hiyo haifanyi kazi bila athi nzuri, kwa hiyo tunarudi pale pale. Hata ukiwa nayo, ngurumo zikianza chomoa gari. Kwa bahati nzuri radi nyingi huko ni za alasiri na jioni, na wakati mzuri wa kuchaji ni usiku wa manane.

Stima ikipotea na kurudi, hurudi kwa kishindo. Chaja nzuri husubiri kidogo kabla ya kuanza tena. Wako wanaofikiria kupitisha chaja kwenye ile gadi ya friji. Hapana. Gadi hiyo haikuundwa kubeba ampea za gari usiku kucha. Kuna vifaa vya kulinda volti vinavyofungwa kwenye bodi, vya ampea 40 au 63, na hivyo ndivyo vya kuuliza.

Tena mashambani volti hushuka saa za jioni watu wote wakipika na kuangalia televisheni. Ukiona 200 badala ya 240, punguza ampea au ahirisha hadi usiku mkubwa.

Mita na bei

Hili wengi hawalijui mpaka tokeni ziwaumize. Bei ya stima ya nyumbani ina ngazi: chini ya yuniti 30 kwa mwezi, 30 hadi 100, na zaidi ya 100. Kenya Power hutazama wastani wa miezi mitatu iliyopita kukuweka kwenye ngazi yako, na ukishapanda, yuniti zako zote huhesabiwa kwa bei ya juu, hata za taa na friji. Gari linalotumia yuniti 9 kila usiku ni yuniti 270 kwa mwezi. Nyumba iliyokuwa kwenye ngazi ya kati itaruka moja kwa moja.

Hata hivyo stima bado ina faida. Chukulia yuniti moja pamoja na tozo zote ni shilingi 28: yuniti 9 ni shilingi 252 kwa kilomita 50. Gari la petroli linalokwenda kilomita 14 kwa lita lingekunywa lita 3 na nusu, na lita ikiwa shilingi 180, hizo ni zaidi ya 600. Usitumie namba zangu. Chukua tokeni yako ya mwisho, gawanya pesa uliyolipa kwa yuniti ulizopata, upate bei yako mwenyewe.

Katika bei zilizoanza Aprili 2023, EPRA iliweka fungu maalumu la magari ya umeme: shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida na shilingi 8 saa za usiku, kabla ya tozo na ushuru. Siku za kazi, saa za bei ya chini ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Fungu hilo linataka mita ya peke yake. Kwa mwenye gari moja, gharama ya mita ya pili huenda isirudi haraka. Kwa mwenye teksi mbili tatu au bodaboda kadhaa, aende ofisi ya Kenya Power iliyo karibu naye aulize masharti na bei za sasa.

Kwa mpangaji

Ndugu yangu wa Bungoma amepanga. Hawezi kuchimba ukuta wa mtu. Nilimshauri amwendee mwenye nyumba kwa adabu na karatasi: aombe waya mmoja wenye swichi yake, soketi ya buluu ya ampea 16, nondo mpya ya athi, na mita ndogo ya kuhesabu yuniti za gari. Gharama wakubaliane, na wakubaliane pia kwamba akihama soketi inabaki. Mwenye nyumba anapata nyumba iliyo salama zaidi, wapangaji wengine hawagombani naye kuhusu tokeni. Mwenye nyumba akikataa hata athi, hilo nalo ni jibu, na lina uhusiano na watoto wako kuliko gari lako.

Wenye bodaboda za umeme

Betri za pikipiki ni ndogo na huchajiwa kwa soketi ya kawaida. Hatari yake ni nyingine: vijana huingiza betri chumbani na kuchaji kando ya kitanda au mlangoni. Betri ya lithiamu ikiwaka, moshi wake ni sumu na moto wake hauzimwi kwa ndoo ya maji. Chaji mahali penye hewa, mbali na godoro, na kamwe si kwenye njia pekee ya kutokea. Tumia chaja iliyokuja na betri hiyo, si ya rafiki.

Na sisi wa Pwani

Haya yote yanatuhusu, na sisi tuna adui wetu: chumvi. Kisanduku cha nje kiwe na alama ya IP65, kifungwe chini ya kivuli, na misumari yake iwe ya chuma kisichoshika kutu. Fungua kifuniko cha soketi kila baada ya miezi michache utazame kama shaba imegeuka kijani. Leaf za vizazi viwili vya kwanza hazina mfumo wa kupoza betri zake, kwa hiyo kwenye joto letu chaji usiku wa manane, usilichomeke mara tu ukitoka safari ndefu, na usiliache siku nyingi likiwa limejaa asilimia 100.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Gari langu linapokea kilowati ngapi, na mdomo wake ni wa aina gani?
2. Natembea kilomita ngapi kwa siku, na safari yangu ndefu ya kawaida ni ipi?
3. Swichi kuu ya nyumba ni ampea ngapi, na ni vitu gani vingine vizito vinatumika usiku?
4. Athi imepimwa? Namba yake iko wapi?
5. Kuna RCD ya aina A au B, na kinga ya mapigo ya radi?
6. Chaja inaweza kupunguzwa ampea, na inafanya kazi bila intaneti?
7. Ina alama ya KEBS, na muuzaji ana vipuri na dhamana ya maandishi?

Ukikosa jibu la la kwanza hadi la tano, pesa yako bado haijafika zamu ya kununua chaja.

Shemeji wa Kitale aliiacha ile ya kilowati 22. Amelaza waya wa milimita 6, ameongeza nondo mbili za athi, na amechukua kisanduku cha kilowati 7 ambacho siku za kawaida anakiweka ampea 16. Kule Bungoma, siku niliyoondoka, mwenye nyumba alikuwa amekubali na fundi mwenye leseni alikuwa anapiga nondo kwenye udongo wenye maji. Yule binti alikuja kutazama, akasimama mbali, mikono nyuma. Babake akamwambia gari halitamuuma tena. Akajibu, "Lishike wewe kwanza, baba."

Mtoto ana haki. Kabla hujamwambia mtu wa nyumbani kwako kuwa gari liko salama, hakikisha kuna namba ya athi iliyoandikwa kwenye karatasi. Ndugu zetu wa bara na wa hapa Pwani, mwenye swali aandike, tutajibizana inshallah.